Tangi Limeshajaa

Mume wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na tangi lako la samaki limestawi: mimea imefunga mpaka samaki wanajificha humo. Kila wiki nabadilisha maji kidogo tu, kama ulivyonifundisha.

Dada yako alipita. Aliniambia nihamie chumba cha uani, maana unarudi na mke mwenzangu. Kumbe wewe kalamu iliishiwa wino! Nikamjibu, "Sawa, wifi."

Alipoondoka nikanunua tangi jingine, refu kama kitanda. Nimeliweka chumbani kwetu, nikatandaza udongo na kokoto, nikapanda mimea, nikajaza maji. Wajua mwenyewe: tangi likishajaa halisogezwi, litapasuka. Na mtunzaji halali mbali nalo.

Mwenzangu karibu sana. Sebuleni pana mkeka.

Mkeo, wa chumba kikubwa