Maji Ndani ya Maziwa

Jumamosi, 1 Oktoba 1994
Nimefukiza vibuyu vyote kabla ya chai. Majani makavu, kaa la moto, kufunika, kutikisa. Bibi alinifundisha kule Karagwe, Tanzania, nyuma ya zizi. Alisema moshi ndio unaoyafanya maziwa yawe yetu. Tumerudi Rwanda, nchi ambayo sikuwahi kuiona, na hapa Kanombe, karibu na kambi ya jeshi, hakuna kingine kinachonukia nyumbani. Mama anauza maziwa hayo kwa majirani na wake za askari. Namkumbuka Bibi. Nakumbuka hata inzi wa zizini.

Jumapili, 2 Oktoba
Mafundisho ya dini. Tumesoma habari za nabii Amosi. Aliwakaripia wafanyabiashara waliopunguza vipimo, waliouza makapi pamoja na ngano, walioona sabato inachelewa kwisha ili wakawapunje maskini. Nimempenda. Alikuwa mchunga mifugo, kama Babu.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimeona kwa macho yangu. Mama alimimina maji ya pipa la mvua ndani ya maziwa. Mengi. Kisha akayatia katika vibuyu vyangu. Moshi unaficha maji. Kumbe ndiyo maana Mama husifu ufukizaji wangu.
Babu hakuwahi hata kuuza maziwa. Jirani aliyekosa alipewa, basi. Maji yalikuwa ya kunawa mikono.

Jumapili, 9 Oktoba
Mama Vestina, jirani yetu, analea mjukuu mchanga. Wengine wote wa kwao waliuawa Aprili. Mtoto hana chakula kingine ila maziwa yetu. Amekonda. Anaharisha. Leo Mama Vestina alinishika mkono: "Maziwa yenu iko na harufu ya kwetu ya zamani, mwana wangu. Mungu awabariki."
Sikumwambia habari za maji. Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimemweleza Mama habari za mtoto. Na za Amosi. Alicheka, si kwa furaha. "Huyo nabii wako alikuwa na watoto wangapi wa kulisha?" Baba bado hana kazi, najua. Nikasema sifukizi tena. Akanipiga kofi.
Shavu linauma. Sifukizi.

Jumatano, 12 Oktoba
Sikufukiza. Wateja walionja, wakakunja nyuso. Mke wa koplo akapaza sauti: "Mama Rozi, leo umekamua ng'ombe au umekamua bomba?" Wakacheka wote. Mama hakucheka. Alinitazama. Hasira, nadhani. Au aibu.
Mchana nilimwona amesimama nje kwa Mama Vestina. Mtoto alikuwa akilia ndani, kilio chembamba. Mama hakubisha hodi. Akarudi.

Alhamisi, 13 Oktoba
Hatusemezani. Nimeota zizi la Karagwe, Bibi ananiita nikamshikie ndama. Niliamka kwa huzuni.

Ijumaa, 14 Oktoba
Mama hakugusa pipa. Alipeleka maziwa kwa Mama Vestina kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, akakaa huko muda mrefu. Sijui waliongea nini. Alirudi macho mekundu.
Maziwa yaliyobaki hayakutosha. Wengine waliondoka na chupa tupu, wananung'unika. Mama aliwaambia tu kwamba yamekwisha.
Mvua mchana kutwa. Jioni tumekula viazi bila mafuta. Mdogo wangu akauliza mafuta yako wapi. Mama akampapasa kichwa. "Kula, baba."
Akala.