Amplifaya Nyepesi

Kwako kitindamimba wangu,

Mimi mzima, spika nazo nzima, ila ile amplifaya ya zamani ilianguka ikavunjika, nikaenda kutafuta nyingine ya bei nafuu. Nimekuta uchafu mtupu. Unajua baba yako hachagui amplifaya kwa maneno ya kwenye boksi, anachagua kwa kuinyanyua. Ikiwa nzito ndani mna transfoma ya kweli, na mtaa huu hakuna anayenizidi kwa hilo.

Muuza duka akanipa moja nzito. Nikamwambia fungua. "Mzee, ya nini kufungua?" Fungua! Ndani, mwanangu, kipande cha zege kimebandikwa kwa gundi! Nikamwambia, "Hii kajengee choo."

Akatoa iliyotumika, chuma kitupu, bei ileile. Hiyo ndiyo yenyewe. Nikainyanyua, mkono wa kushoto ukaachia, kama ulivyoiachia ile ya nyumbani. Akaidaka yeye, mwizi yule, akaniuliza, "Babu, unaumwa?" Babu yake nani!

Mkono una miezi haushiki. Kaka yako akijua atanihamishia kwake anilishe kwa kijiko, na nyumba hii aifunge. Usimwambie.

Nimechukua nyingine, nyepesi kama kopo la biskuti. Sauti yake inatia kinyaa, kama nzi kwenye chupa. Kaka yako akiuliza kwa nini mimi, mimi huyu, nimenunua takataka, sema baba siku hizi amekuwa bahili.

Ni mimi baba yako, bado kidume.