Barabara Ilifungwa, Mtoto Akingoja Jina

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa, huko Mitaboni.

Hujambo, Mama? Mguu unaendeleaje, na mvua imewafikia? Sisi wa hapa tu wazima wa mwili, mimi, Nduku na wasichana wetu wawili. Barua yako nimeipata leo asubuhi, ukieleza jinsi basi lenu lilivyofika Nakuru likarudishwa. Umesema nisimpe mtoto jina mpaka ufike. Mama, keti kwanza ndipo usomewe yanayofuata.

Redio ilisema tu kwamba barabara zimezuiwa. Hata mimi nilidhani ni kizuizi kama cha polisi, unasimama, unakaguliwa, unaenda zako. Wapi! Vijana waliangusha miti na kupanga mawe pande zote za mji, wakakaa hapo na mapanga siku kumi na moja. Hakuingia mtu wala gunia. Chumvi iliisha, mafuta ya taa yakaisha, na karakana yetu ya useremala ikafungwa.

Ndani ya siku hizo Nduku alijifungua msichana. Siku ya tatu tangu azaliwe, jirani yetu, mama ambaye si wa kabila letu, alituletea uji akaniambia, "Baba Wayua, si nyinyi hupatia mtoto jina leo? Mpatie tu."

"Mama yangu ako njiani," nikamjibu. "Huyu atapewa jina na yeye."

Wa kwanza ana jina lako, wa pili la mama mkwe, na huyu ulisema lazima umtazame uso kwanza. Nikashikilia hapo hapo. Ukaidi wangu unaujua.

Siku ya sita akashikwa na homa. Nilimbeba hadi kwenye mawe, kwa kuwa hospitali iko upande wa pili. Kijana mmoja akauliza, "Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Bado hana jina."

"Hakuna mtoto hana jina. Wewe unaficha kabila. Rudi!"

Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi. Labda hata angekuwa na jina wangeturudisha. Sijui, Mama, na kutojua huko kunanimaliza.

Sanduku nilimtengenezea mwenyewe. Msalaba nimeupiga randa lakini sijauandika. Nduku akienda kaburini hana la kumwita, analia tu.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekusomea barua hii, asijilaumu kwa kuisoma. Mdogo wangu mwambie asije huku kwanza.

Hukumwona uso, kwa hivyo nakueleza. Alikuwa mweusi kama Baba, mwenye paji pana, na sikio la kushoto limejikunja kidogo. Mchagulie jina, Mama, uniandikie.

Ni mimi mwanao,
Mutua