Faili Moja Tu

Siku ya kazi moja, Jumatatu tarehe 2 Februari

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa mtaa wetu wa Bel-Air, wakubwa kwa wadogo: leo saa moja asubuhi, Papa Célestin ameshindwa rasmi kufunga kifungo cha suruali yake ya kijivu. Suruali haijambo. Bibi yangu anashauri bukari, yaani ugali, ipunguzwe. Tumbo limepokea shauri hilo na linaendelea kutafakari.

Baadaye kikao kwa mwenzetu Kabange. Tuko waandika programu sita, wote wenye mvi au upara. Tunatayarisha mfuko wa programu kwa vituo vya afya vya upande wa Kasenga na Kilwa, kule ziwani. Ugomvi ni ule ule: lugha tunayoandikia kurasa za mtandao ije na hifadhidata ndani yake, au hifadhidata ikae mbali, kwenye seva yake? Hifadhidata sisi hapa tunaiita baze. Mimi nataka baze iwe ndani. Kila kitu katika faili moja, hakuna seva ya kulea. Kabange hataki hata kusikia.

"Célé, weye uko unapika bukari na mboga mu nyungu moya!"

Wakacheka wote. Nikamjibu: "Na ule mwenye iko na nyungu moya tu, apike wapi?"

Nikachukua kofia yangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama waziri. Kura ni wiki ijayo. Shahidi wangu ni Mama Godelive, mkunga wa Kilwa. Anatumia programu yangu, baze ndani, tangu mwaka jana. Bila kilio.

Siku ya kazi tatu, tarehe 4 Februari

Mashine ya Kilwa, kompyuta ya kituo chao, imefika. Lori lilikwama siku mbili karibu na Kasomeno, matope. Mama Godelive ameituma kwangu niisafishe, imekuwa nzito kama mimi. Akapiga simu: "Papa, kle iko mu kitunga ya samaki. Nilikopia faili moya, vile ulisema."

Kweli. Kle, ile flashi ya kuhifadhia mafaili, imefungwa katika plastiki, inanuka samaki mkavu. Ndani faili moja. Mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu.

Mchana nimefuta mashine yote, nimeanza kuipanga upya. Faili nitalirudisha mwisho. Nimeridhika sana na nafsi yangu. Niandike hilo, halitokei kila siku.

Siku ya kazi tano, tarehe 6 Februari

Nimefungua faili la kwenye kle. Linaishia mwezi wa tisa.

Nimefungua tena. Mwezi wa tisa.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 7 Februari

Miezi mitano haipo. Wanawake wote wenye mimba walioandikwa tangu Septemba: jina, kambi ya wavuvi, tarehe ya kuzaa, nani aliwahi kupasuliwa ili azae. Madaftari ya karatasi waliyaacha kwa shauri langu. Nilisema ni mambo ya zamani.

Nimejaribu kila njia ya kurudisha kilichofutwa. Hakuna. Najua ni kwa nini. Sitaki kuandika.

Saa nane Mama Godelive amepiga. "Papa, tuma liste ya bamama ba mwezi huu, nibaite. Iko mumoja, Mwansa, balimupasula mara mbili, hawezi kuzalia mu kambi. Kambi yake ilihama, nilisahau iko wapi. Niliandika mu mashine."

Nikasema mashine bado. Nikasema kesho.

Siku ya yenga, Jumapili tarehe 8 Februari

Misa. Sikusikia neno. Simu nimeizima.

Siku ya kazi moja, tarehe 9 Februari

Kikao. Nimesimama na kusema: baze imemeza miezi mitano ya Kilwa.

Nilingoja Kabange anicheke. Hakufanya hivyo. Akauliza: "Célé, ni baze kweli?"

Nikasema ni baze.

Kura: baze itoke, seva iingie. Watano wameinua mkono. Mimi sikuinua mkono upande wowote. Nani ataangalia seva kule Kilwa? Mbuzi? Nilikuwa sahihi juu ya jambo hili na nimeliua kwa mdomo wangu. Mimi ni mnafiki wa kilo tisini.

Siku ya kazi mbili, tarehe 10 Februari

Nimewasha simu. Nimemwambia Mama Godelive kwamba baze iliharibika, majina yamepotea. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Akasema: "Basi naenda kubatafuta." Ameingia katika mtumbwi saa hiyo hiyo, kambi hadi kambi.

Sikula.

Siku ya kazi ine, tarehe 12 Februari

Amempata Mwansa leo asubuhi. Uchungu ulianza juzi jioni. Wamemfikisha hospitali, wamempasua. Yeye ni mzima.

Mtoto hapana. Wa kike.

Siku ya yenga, tarehe 15 Februari

Niandike ilivyokuwa.

Baze haikumeza kitu. Baze ile huandika kwanza katika faili dogo la pembeni, kisha hulimwaga ndani ya lile kubwa. Kule kumwaga kulikuwa kunachelewesha mashine ya Kilwa. Nilipokwenda kule Septemba nilizima kumwaga huko, ili Mama Godelive aone jinsi programu ya Célestin inavyokimbia. Alipiga makofi. Tangu siku hiyo kila mwanamke mpya aliandikwa pembeni tu. Nami nikasahau, na bado nikamwambia akopie faili moja tu. Alifanya hasa nilivyomwambia. Kisha nikafuta mashine, na lile faili dogo ndani yake, kabla ya kufungua kle, kwa sababu nilijiamini.

Hilo ni kosa, na fundi hukosea. Lakini nilijua tarehe 6. Nikasema tarehe 10. Mama Godelive alihitaji siku mbili kumpata Mwansa. Angempata tarehe 8, kabla ya uchungu. Siku zile nne hazikupotezwa na mashine yoyote.

Leo nimekwenda kwa Kabange, nimemwambia. Amenipa kiti. Akakaa nami.

Kisha nimempigia Mama Godelive, nimemwambia yote kwa mfuatano huu huu. Alifungua daftari, nikasikia kurasa. Halafu akasema: "Nimesikia, Papa. Kamata kalamu."

Akanisomea majina aliyoyakusanya kambini, polepole, na mimi nikaandika katika karatasi. Alipofika kwa Mwansa aliniambia niandike pia mtoto. Nimeangalia fomu ya programu niliyoitengeneza mimi mwenyewe. Haina mahali pa kumwandika. Nimemwandika chini ya mama yake, kwa mkono.