Tristram Hayumo Melini

Jumamosi, 2 Oktoba 1858

Meli imeingia New Bedford! Wavuvi wa Menemsha ndio walioleta habari. Imejaa mafuta ya nyangumi mpaka shingoni, wanasema, na vijana wetu wa hapa Gay Head watavuka kuja kisiwani siku yoyote.

Nimefua shati la bluu la mume wangu Tristram. Lilikuwa safi, halijavaliwa tangu aondoke. Nimelifua tu. Mama Bethia, mama yake, kaniuliza nafua nini. Mashuka, nikamwambia. Akacheka. Macho yamemzimika lakini uongo anaunusa.

Jumapili, 3 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Macho mlangoni.

Nimesahau sauti yake. Hili sijamwambia mtu. Mikono naikumbuka, na kovu la kamba, na namna anavyokung'uta theluji viatuni kabla ya kuingia. Sauti — hapana. Miaka mitatu na nusu imeifuta. Basi na aje aseme lolote, hata aniombe chumvi.

Jumanne, 5 Oktoba

Siku ya kuchuma kranberi, matunda ya bwawani. Kijiji kizima bwawani, na magari ya ng'ombe, na watoto, na vyungu vya kome. Matunda mekundu mpaka ukingoni. Mwaka huu Mungu hakutunyima.

Jirani yangu Thankful alianza utani. Chuma upesi, Jerusha, mumeo asije akakukuta na matope magotini. Nikamjibu kwamba hayo matope ndiyo anayoyapenda. Wanawake wakavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kweli.

Ndipo Hosea akatokea juu ya tuta la mchanga. Peke yake. Hosea ni binamu yake Tristram, mrusha chusa, waliondoka pamoja. Alikuja moja kwa moja kwangu, akavua kofia. Nikajua.

"Hajafa, shemeji," akasema.

Akanivuta kando. Waliingia ghuba moja ya New Zealand kuchota maji. Tristram alishuka na wenzake kukata kuni, hakurudi. Nahodha akatafuta, akachoka, akatweka tanga. Mwaka uliofuata walipita tena pale, na Hosea akamwona kwa macho yake. Ana nyumba. Ana mke, mwenyeji wa huko. Ana mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Nikauliza alisema nini. Hosea akaitazama mikono yake.

"Alisema usimngoje."

Nikamwomba asimwambie mtu, hasa Mama. Akakubali. Kisha nikarudi bwawani, nikainama, nikachuma. Kikapu kilijaa. Sijui kilijaaje.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimemwambia Mama kwamba meli imerudi bila yeye na hakuna ajuaye alipo. Hakulia. Aligeukia ukuta, akaanza kusema kwa lugha ya kale ya watu wetu. Mimi najua maneno yake ya chakula na ya kukaripiwa tu, basi. Haya hayakuwa ya chakula wala ya kukaripia. Wenye kuielewa wote sasa wako makaburini. Alikuwa akiongea na wao, nadhani.

Ukungu tangu asubuhi. Watoto wanasema Moshup anavuta kiko. Ndivyo tulivyofundishwa sote: lile jitu letu lililokuwa likipika nyangumi pale kwenye magenge ya udongo, kisha likaondoka, na hakuna anayejua lilikokwenda. Alikuwa na mke pia. Hadithi hazikai na huyo mke sana. Leo nimemwaza mchana kutwa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mama hali. Uji umepoa mara mbili.

Anasema amezaa wanaume wanne na bahari imewala wote. Nasimama na kijiko mkononi. Bahari haijamla huyu wa mwisho! Ningemwambia kwa neno moja tu.

Kwa nini sisemi? Aibu, ndiyo. Mjane huletewa maboga na watu huongea naye kwa upole. Mimi nitaletewa nini? Lakini si aibu peke yake. Mama akijua ana mjukuu, atafurahi. Nitauona uso wake ukifurahi. Mimi sikumpa mjukuu.

Na bado namtaka arudi. Na bado, nikisikia hatua nje, moyo unaruka. Mjinga.

Jumapili, 10 Oktoba

Mama aliamka kabla yangu, akataka nimvalishe nguo nyeusi. Mchungaji atamtaja Tristram leo pamoja na waliokufa baharini, naye anataka kuwapo, asikie.

Tukashika njia. Upepo mkali kutoka magengeni. Alikuwa ameegemea mkono wangu, mwepesi kama kuku. Kengele ikaanza. Nikasimama.

"Mama, Tristram yu hai."

Nikamwambia yote. Kuni, ghuba, yule mke, mtoto. Nikasema na lile la nisimngoje. Nikangoja amlaani, au anilaani mimi kwa kuficha.

Akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

Sijui.

"Anaitwa nani?"

Sijui, sikuuliza.

Akaketi juu ya jiwe kando ya njia. Alikuwa anacheka na machozi yanashuka. Anasema kuna damu yake chini ya jua, imekaa kitako, inakula. Akasema neno la kale la kumwita bibi, akalirudia polepole. Hilo nalijua. Nilitazama pembeni.

Kisha akapapasa hewani mpaka akanipata, akanivuta chini, kichwa changu akakilaza mapajani, kofia ya kanisani na kila kitu.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "nani anakulilia wewe?"

Kanisani hatukufika.

Jumanne, 12 Oktoba

Hosea amejiandikisha meli nyingine. Ameondoka jana jioni kwao, leo boti inamvusha. Mama kaniamsha na giza: nenda Menemsha ukaulize jina la mtoto. Hawezi kumwombea mtu asiye na jina, anasema. Amekula uji wote.

Niko ufukweni Menemsha, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, naandika gotini kwa penseli. Baridi. Boti iko tayari, tanga linapigapiga.

Swali la Mama ninalo. Nina langu pia. Je, Tristram aliniulizia, hata kidogo, kama mimi ni mzima, kama bado niko kwenye ile nyumba — au alisema lile moja tu, akarudi ndani? Nikianza na langu, la Mama litakwama kooni. Nikianza na la Mama, sitakuwa na ujasiri wa langu.

Huyo anashuka njiani, na mzigo begani. Wanamhimiza, upepo umegeuka.

Kaniona. Anautua mzigo chini —