Mzee Anataka Kujua Nani Kabisha Hodi kwenye Seva

Mpendwa mshauri Mama Rahabu, naomba msaada maana hata ugali haushuki, naitwa Isaka, fundi kompyuta wa chama cha wakulima wa alizeti huku Mungaa, naitunza seva ya majina, ile inayohakiki jina na nywila ya kila mfanyakazi kabla hajafunguliwa mfumo, sasa watu walikuwa wanakataliwa ovyo, nikawasha logi ya kina, yaani daftari la seva, ili nione kila ombi linaloingia, kosa nikaliona siku hiyo hiyo, nikataka kuizima, kumbe meneja, Mzee Gaspari, yuko nyuma yangu anasoma, akasema, "Usizime, kijana. Mgeni haingii kwangu bila kuulizwa katoka wapi na huko kawaacha wazima?" tangu hapo kila ombi linaandikwa kwa kirefu na watu wanaitwa kujieleza, mhasibu Sikudhani kaulizwa kwa nini alikosea nywila, printa nayo, kwa kuwa inaulizia majina mchana kutwa, imeandikiwa onyo nikaambiwa niisomee, nikaisomea, sasa logi zimejaza diski, seva imekwama, mizani, nayo hufunguliwa kwa nywila, haifunguki, wakulima wamekalia magunia nje, na kumwambia siwezi kwa sababu yeye ndiye baba wa Winfrida, mchumba wangu wa siri, mshenga nimemwahirisha nikisubiri seva itulie, Winfrida naye kasema nikiahirisha tena anamkubali mwalimu wa Kinyangiri, je, nikimbilie kwa shangazi kule Misigiri?

Isaka mwanangu, pole. Uliposema umeisomea printa onyo nilicheka, halafu nikakasirika. Ulisoma umesimama au umekaa?

Unamwogopa mzee kama mkwe wakati hata posa hujapeleka. Aibu hiyo bado si yako, irudishe. Kwa sasa wewe ni fundi, na kazi ya fundi ni kusema diski imejaa.

Leo hii futa logi za zamani, iamuru seva iandike makosa tu, na logi uiwekee kikomo ili ikifika hapo ijifute yenyewe. Magunia ya watu yapimwe. Kisha nenda ofisini, toa shikamoo nzima, useme, "Mzee, wageni wote nimewauliza, wazima." Atanuna kidogo. Mwache anune.

Kwa shangazi huendi. Jumapili mshenga aende, hata kama seva inawaka moto. Mzee wa watu kakaa siku zote hizi akiuliza nani kabisha hodi, mpaka printa kaihoji, na anayemtaka binti yake bado hajabisha.