Babu Hakupeleka Msiba Peke Yake

Doha

Kaka Elisante,

Shikamoo. Natumaini Mama Joyce ameshakaa hapo karibu yako. Barua hii nimeipitisha kwake kwa makusudi, kwa mkono wa yule dada wa Usangi ninayelala naye chumba kimoja, ambaye amekuja likizo. Nimeomba Mama Joyce asikupe mlangoni. Akukalishe kwanza, na asiondoke mpaka umalize kusoma. Basi kaa, na kama una kikombe mkononi kiweke chini.

Hamjambo hapo nyumbani? Wifi na mgongo wake anaendeleaje? Vuli imefika Vudee, au bado mnachungulia mawingu? Mimi ni mzima wa mwili. Bado niko kwenye udobi wa hoteli, mashuka asubuhi mpaka jioni, na joto la pasi unalijua nilivyokuhadithia. Kuhusu afya sina zaidi. Nina hasira, kaka, wiki ya tano sasa, na haipungui. Wanasema sisi Wapare tunapenda kesi. Hii ni ya kwangu, na wewe ndiye mshtakiwa.

Habari ya kifo cha babu niliipata saa nne asubuhi, wakati wa chai. Nilifungua simu nikaona picha kwenye grupu la ukoo. Kaburi limeshafukiwa, maua juu yake, nawe umesimama kando umevaa miwani nyeusi. Chini ya picha mtu anauliza viti vya plastiki vya kanisani vimebaki kwa nani. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba babu yangu amekufa na ameshazikwa. Mwenzangu mmoja, Mnepali, hajui neno hata moja la Kiswahili, aliniona uso akanishika mkono, akanikalisha juu ya lundo la mashuka machafu. Alikaa nami mpaka msimamizi alipokuja kutufokea. Wewe ulipiga siku tatu baadaye, na nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Nilijua utaona kwenye grupu."

Na wiki moja kabla ya hapo uliniambia ana mafua tu.

Ngoja nikukumbushe babu yako alikuwa nani, maana naona umesahau. Zaidi ya miaka ishirini alipanda mlima kutoka Same na mkoba wa posta begani. Baiskeli waliyompa aliisukuma zaidi kuliko alivyoiendesha, akawa anasema posta wamemwongezea mzigo. Alileta barua za wanaume waliokuwa kwenye mashamba ya mkonge na za watoto waliokuwa shule za bweni. Alijua nyumba ipi ina mbwa mkali, na mama yupi hajui kusoma lakini hataki ijulikane. Kwa mama huyo alijifanya ana hamu ya kusikia habari za watu, akaomba aisome yeye barua kwa sauti. Akimaliza anapewa makande, anakula, anaondoka.

Lakini mwanzoni mwa kazi alikosea. Alikutana njiani na mama mmoja ana mtungi wa maji kichwani, akampa telegramu akaendelea na safari yake. Ilikuwa ya msiba. Mama aliisoma palepale, amesimama, peke yake, na babu akasikia mtungi unapasuka nyuma yake. Mpaka uzeeni alikuwa akituambia, "Nilimpa kifo kama ninavyompa mtu kiberiti."

Tangu siku hiyo, karani wa Same akimdokeza kwamba telegramu ni ya msiba, hakuiweka mkobani. Aliitia kwenye mfuko wa shati. Akifika kijijini alipita kwanza kwa jirani, akaacha mkoba hapo, wakaenda wawili. Mwenye msiba atue mzigo kwanza, akae, ndipo apewe. Na babu hakuondoka mpaka watu wajae. Watu wa Vudee wakimwona anakuja bila mkoba, ana mtu pembeni, waliipua chungu motoni bila kuambiwa. Wakubwa wake walimwandikia barua mbili za onyo la kuchelewa, na zote mbili aliwashia moto wa chai.

Nawe uliwahi kukalishwa hivyo, Elisante. Baba alipogongwa kule barabara kuu, mama alikuwa ameshatutoka, tulibaki mimi nawe. Babu alikuwa amestaafu, na aliyekufa alikuwa mwanawe wa kumzaa. Bado alipita kwanza kwa jirani, Mama Joyce, huyu huyu aliyekaa hapo, wakaja pamoja. Ulikuwa unapasua kuni, akakuambia uweke shoka chini. Alituketisha kwenye benchi la jikoni, yeye katikati, akasema, "Wajukuu zangu, baba yenu hayupo tena." Ulilia mapajani pake mpaka ukalala. Yeye alikwenda kulia baadaye, nyuma ya banda la mbuzi. Mama Joyce ndiye aliyemwona.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba watu walikuwa wengi na simu zilikuwa nyingi. Namba ya huyu dada wa Usangi unayo. Ungempigia yeye tu, angenikalisha. Mtu aliyeteremka na kupanda milima ile ili asiwepo wa kupokea msiba akiwa peke yake, wewe ukanipa msiba wake pamoja na habari za viti. Hilo limeniuma kuliko kifo chenyewe.

Nisalimie wifi, namwombea nafuu. Wanao waambie shangazi yao anawapenda. Shangazi wa Myamba mpe shikamoo yangu akishuka kuwatembelea. Mama Joyce, shikamoo mama, na asante kwa kukaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimsumbue Mama Joyce. Umeandika kwenye grupu kwamba Desemba mtajengea kaburi na kusimika msalaba, na kwamba mimi nitakuwepo kwa sababu mkataba wangu unaisha mwezi huo. Ni kweli nilimwahidi babu kwamba ukiisha narudi nyumbani moja kwa moja. Nilimwahidi yeye. Jana nimesaini mwingine. Kaka, sirudi.

Usisimame kwanza. Babu angekaa nawe mpaka watu wajae. Mimi nimeweza kukutumia mmoja tu.

Mdogo wako,
Naelijwa